Nyaya Juu ya Mto Ohio

Mto Ohio si mali ya Ohio. Kentucky ilipoingizwa kuwa jimbo la Marekani mwaka 1792, mpaka wake wa kaskazini ulipigwa kwenye ukingo wa ng'ambo, pale maji yanapoishia wakati mto umepungua kabisa. Tangu siku hiyo karibu maji yote ya mpaka huo yamekuwa ya Kentucky. Majimbo hayo mawili yaliwahi kushitakiana kwa sababu ya mstari huo, na mwaka 1980 Mahakama ya Juu ikasema mpaka ni ule ule wa 1792, hata kama mto wenyewe umepanuka tangu hapo. Kwa hiyo ukisimama katikati ya daraja la John A. Roebling, huku maghorofa ya Cincinnati yakiwa mbele yako na mji wa Covington mgongoni, bado uko Kentucky. Utaendelea kuwa Kentucky mpaka ukaribie kukanyaga nchi kavu ya pili.

Nilisimama hapo Oktoba 2022 pamoja na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye anaishi upande huo wa Kentucky na anaendesha lori la masafa marefu. Tulikuwa tumekubaliana kwamba siku zake za mapumziko tutaupanda mto kwa barabara, kutoka Cincinnati mpaka Wheeling, tukitazama madaraja ya kuning'inia. Yeye aliyaona madaraja hayo kwa jicho la kazi yake. "Mjomba," aliniambia, "mimi hapa huwa napazunguka. Nikipita na lori langu, kesho sina leseni."

Kwa gari dogo ruhusa ipo, ila nashauri mtu apite kwa miguu. Sakafu ya barabara ni wavu wa chuma, na kila gari linapopita matairi yanaufanya uvume. Wenyeji wanaliita Daraja Linaloimba, na mimi niliyekuwa kando yake kwenye njia ya watembeao kwa miguu niliusikia ule uvumi ukipanda kutoka nyayoni mpaka magotini. Chuma kimepakwa rangi ya buluu. Minara miwili ya mawe imesimama mtoni, minene kama ngome, na kamba kuu zinapita juu ya vichwa vyake kisha zinateremka kila upande hadi nchi kavu, ambako ncha zake zimefungwa ndani ya marundo makubwa ya mawe yanayofanya kazi ya nanga. Minara inabeba kwa kukandamizwa, kamba zinabeba kwa kuvutwa, na nanga zinakataa kung'oka. Sakafu yenyewe imening'inizwa tu kwa vyuma vyembamba kutoka kwenye kamba.

Lililonivutia zaidi ni kwamba hizo tunazoziita kamba hazikusokotwa. Kila moja ya zile kamba mbili za mwanzo ni nyaya 5,180 zilizolazwa sambamba, waya baada ya waya, zikipelekwa ng'ambo na kurudishwa kwa gurudumu juu ya maji, mpaka fungu likatimia unene wa zaidi ya sentimita 30, kisha likabanwa na kuviringishiwa waya mwingine wa nje. Waya mmoja ukikatika, zilizobaki hata hazishtuki. Nikaweka kiganja juu ya kamba mahali inaposhuka karibu na njia ya watu. Chini ya rangi unaihisi mizunguko ya ule waya wa nje, imekaa moja baada ya nyingine kama mgongo wa ukindu uliosukwa.

Tena Roebling hakutosheka na kamba. Kutoka kwenye kila mnara alitandaza nyaya nyingine za mshazari hadi kwenye sakafu, na ukitazama kwa mbali zinafunguka mithili ya upepeo. Kwa hesabu ya mzigo tu zingeweza kuonekana za ziada. Aliziweka kwa sababu ya upepo. Huyu mhandisi alizaliwa Mühlhausen, Ujerumani, mwaka 1806, akahamia Marekani mwaka 1831, akaanzisha kijiji Pennsylvania na kiwanda cha kamba za waya, na muda wote huo alikuwa akisoma habari za madaraja yaliyoanguka. Alijua kwamba adui wa daraja la kuning'inia ni wepesi wake. Mwishoni mwa karne ya 19 wenzake wa baadaye waliongeza kamba nyingine mbili juu ya zile za kwanza, na fremu nzito zaidi za chuma, ili libebe mizigo ya zama mpya. Ndiyo maana leo unaona kamba mbili kila upande.

Urefu kati ya minara ni mita 322. Daraja lilipofunguliwa kwa watembeao Desemba 1866, hakukuwa na daraja duniani lenye upana kama huo kati ya nguzo na nguzo. Lakini habari iliyonishika ni ya miaka 20 kabla ya hapo.

Kentucky ilitoa idhini ya kampuni ya daraja mwaka 1846. Ohio ikachelewa hadi 1849, na ilipokubali iliweka masharti, mojawapo likiwa kwamba daraja lisikae mstari mmoja na mitaa mikuu ya Cincinnati. Wafanyabiashara wa Cincinnati walihofia kwamba mji wa ng'ambo ungewanyang'anya wateja na thamani ya viwanja. Wenye vivuko walihofia riziki yao. Wenye meli za mvuke walihofia dohani za meli zao. Na Wakentucky waliokuwa na watumwa walikuwa na hofu yao ya pekee, kwa kuwa ng'ambo ya maji yale utumwa ulikuwa haramu. Kwao, mto ulikuwa uzio waliopewa na Mungu bila gharama. Nani ajenge mlango kwenye uzio?

Kazi ilianza 1856, mwaka uliofuata fedha zikakauka nchi nzima, kisha vikaja Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe na minara ikabaki visiki mtoni. Septemba 1862 jeshi la Kusini likakaribia Covington, na Cincinnati ikajikuta haina njia ya kuvusha askari wake. Wakapanga matishari ya makaa ya mawe kutoka ukingo hadi ukingo, wakatandika mbao juu yake, na majeshi yakapita. Mtu wa Mombasa anayelijua daraja la kuelea la Liwatoni hahitaji kuchorewa picha. Wanaume weusi wa Cincinnati nao walikamatwa mitaani na kulazimishwa kwenda kuchimba mahandaki, kisha baada ya malalamiko wakapangwa upya kwa heshima kidogo, wakaitwa Black Brigade, na wakaendelea kujenga ngome upande wa Kentucky. Mji haukushambuliwa. Baada ya tukio lile wale waliokuwa wakilipinga daraja wakapungua sana, na mwaka 1863 ujenzi ukaanza tena.

Utumwa ulikoma Kentucky Desemba 1865, kwa marekebisho ya katiba ya nchi ambayo bunge la jimbo hilo lilikataa kuyaidhinisha hadi mwaka 1976. Daraja likafunguliwa mwaka mmoja baadaye. Hofu iliyokuwa imelichelewesha ilikuwa imekwisha kupoteza kitu cha kuhofia: siku mtu wa kwanza alipolivuka, hapakuwa na mtumwa wa kulikimbilia.

Upande wa Cincinnati, hatua chache kutoka mguu wa daraja, kuna jumba la makumbusho la National Underground Railroad Freedom Center, lililofunguliwa 2004. Ndani yake wameweka ghala la magogo la ghorofa moja juu, lililojengwa karibu mwaka 1830 katika wilaya ya Mason, Kentucky, na mfanyabiashara mmoja akalitumia kufungia watu kabla ya kuwapeleka kuuzwa kusini. Walilibomoa huko shambani gogo kwa gogo, wakaja kulisimamisha humu. Unaruhusiwa kuingia. Pete ya chuma bado iko kwenye boriti. Mpwa wangu aliingia akatoka upesi, mimi nikakaa kidogo. Mtu wa pwani hana haki ya kujifanya mgeni wa habari hizi. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, na kwetu, katika ukanda wa pwani ya Kenya, sheria iliendelea kuutambua utumwa mpaka 1907, miaka 40 baada ya daraja hili kufunguliwa.

Tuliporudi Covington tulitembea chini ya ukuta wa kuzuia mafuriko, ambako mchoraji Robert Dafford na wenzake wamechora historia ya mji kwenye zege. Mchoro mmoja ni wa familia ya Garner. Usiku mmoja wa Januari 1856, mto ukiwa umeganda barafu, Margaret Garner, mumewe, watoto na wakwe zake walitembea juu yake kutoka Kentucky. Kwa mpaka ule wa 1792, walikuwa bado chini ya sheria ya bwana wao mpaka hatua za mwisho kabisa. Na hata walipofika haikusaidia, kwa kuwa sheria ya 1850 iliwaruhusu mabwana kuwafuata watu wao hadi majimbo huru. Waliozingira nyumba walimojificha akina Garner walipovunja mlango, Margaret alikuwa amemchinja binti yake mdogo ili asirudishwe. Toni Morrison aliandika riwaya yake *Beloved* akianzia hapo. Margaret alirudishwa Kentucky, akapelekwa kusini, akafa kwa homa ya matumbo mwaka 1858. Wale wafanyakazi wa Roebling walianza kuchimba misingi ya minara mwaka ule ule wa barafu.

*

Tuliondoka kwa njia ya Ohio, barabara inayofuata mto. Kwa mwendo wa saa moja na ushei tukafika Ripley, mji mdogo ambao hauna daraja lolote na haujawahi kuwa nalo. Nilisisitiza tusimame. Juu ya kilima, kwenye ngazi ndefu zinazokutoa jasho, ipo nyumba ya Mchungaji John Rankin, aliyekuwa akiweka taa ionekane kutoka Kentucky, kwa ajili ya waliotoroka utumwa. Chini, barabara ya mtoni, ipo nyumba ya John P. Parker. Huyu alizaliwa mtumwa, akajinunua mwaka 1845 kwa dola 1,800, akawa mwenye kalibu ya chuma hapa Ripley na mwenye hataza za mashine alizobuni mwenyewe. Mchana akiyeyusha chuma, usiku akivuka kwa mashua kwenda kuwachukua watu upande ambako angeweza kuuawa. Nilipotazama maji kutoka barazani kwake niliona jinsi yalivyo membamba mahali pale, mtu akipiga mbinja ng'ambo utamsikia. Habari za madaraja ya mto huu hazisemeki bila huyu aliyeufanya uvukike kwa makasia.

Kilomita chache mbele, Aberdeen inatazamana na Maysville, na kati yake limening'inia daraja la Simon Kenton, la mwaka 1931. Minara yake ni ya chuma, myembamba na ya kupendeza, haina uzito wa ile ya Cincinnati. Nikamsomea mpwa wangu vipimo: mita 323 kati ya minara. Miaka 65 ya maendeleo ya uhandisi, kutoka Roebling hadi hapa, na tofauti ni mita moja. Mto haukuhitaji zaidi. Kilichobadilika ni kwamba wahandisi walikuwa wamezoea. Walijua kupiga hesabu vizuri zaidi, na waliweza kufika mahali pale pale kwa chuma kichache.

Portsmouth nayo ilikuwa na daraja la kuning'inia la 1927. Limevunjwa, na tangu 2006 pamesimama jipya la nyaya za mshazari. Ni zuri. Tulipita bila kushuka.

*

Point Pleasant, West Virginia, ni mahali mto Kanawha unapoingia Ohio. Katikati ya mji kuna sanamu la chuma linalong'aa, lenye mabawa na macho mekundu. Ni la Mothman, kiumbe ambacho baadhi ya watu walisema wamekiona mwaka 1966 na 1967. Foleni ya kupiga picha ilikuwa ndefu, na maduka ya jirani yanauza fulana na vikombe vyenye sura yake. Sina ugomvi na mji mdogo unaotafuta riziki. Lakini mitaa michache kutoka hapo, mwisho wa Barabara ya Sita, palipokuwa mguu wa daraja, kuna matofali ardhini yenye majina ya watu 46, na kwa muda wote tuliokuwa pale hakuna mwingine aliyekuja.

Daraja hilo liliitwa Silver Bridge kwa rangi yake ya alumini. Lilijengwa 1928. Lilikuwa la kuning'inia, lakini halikuwa la nyaya. Badala ya kamba, wajenzi walitumia mnyororo wa vyuma virefu vyenye tundu kila mwisho, vikiunganishwa kwa pini. Madaraja ya zamani ya namna hiyo yaliweka vyuma vinne au sita kwa kila kiungo. Hili liliweka viwili tu, kwa kuwa chuma chenyewe kilikuwa cha aina mpya, kilichochomwa na kupozwa kwa utaalamu hadi kikawa na nguvu nyingi. Hesabu zilikuwa sahihi, viwili vilitosha. Minara nayo ilikalishwa juu ya misingi inayoiruhusu kuyumba kidogo, hivyo iliutegemea mnyororo kusimama kama mnyororo ulivyoitegemea.

Tarehe 15 Desemba 1967, karibu saa kumi na moja jioni, watu wakitoka kazini na wengine wakirudi na zawadi za Krismasi, magari yalikuwa yamesongamana juu yake. Chuma kimoja, upande wa Ohio, kilikatika kwenye tundu. Chuma pacha wake hakikuweza kubeba kiungo peke yake, kikachomoka kwenye pini. Mnyororo ulipoachia, minara haikuwa na cha kuishikilia. Ndani ya kama dakika moja daraja zima lilikuwa mtoni, pamoja na magari 31. Miili ya watu wawili haikupatikana kamwe.

Wachunguzi waliyatoa mabaki majini, wakayapanga upya nchi kavu. Wakakuta kwamba chuma kilianza na ufa wenye kina cha milimita mbili na nusu hivi. Ulikuwa umekua taratibu kwa miaka karibu 40, kwa kutu na kwa mivuto ya kila siku, mahali ambapo mkaguzi asingeweza kuuona bila kufungua kiungo chenyewe. Huwezi kufungua kiungo cha daraja ambalo limening'inia juu yake.

Hapo mpwa wangu aliuliza swali la dereva: lilijengwa kwa magari ya uzito gani? Lilipochorwa, gari la kawaida lilikuwa Ford Model T, yenye kilo kama 700. Mwaka 1967 gari la familia lilikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo, na malori yalikuwa malori kweli. Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo halikuvunja sheria yoyote, mjomba. Lilifanya kazi siyo yake mpaka likachoka."

Mimi naona hivyo, ila naongeza jambo. Roebling aliishi zama ambazo hakuna aliyeijua vizuri tabia ya chuma, na alijua kwamba haijui. Kwa hiyo aliweka nyaya maelfu pale mamia yangetosha, akaweka fremu, akaweka mishazari. Waliojenga Silver Bridge walijua zaidi yake kwa mbali, na kwa kuwa walijua, waliondoa kila kisichohitajika. Kilichoondolewa ndicho kingelishikilia daraja siku chuma kimoja kilipokatika. Pacha wake wa St. Marys, juu zaidi ya mto, lililojengwa kwa namna ile ile, lilifungwa mara moja na kubomolewa mwaka 1971. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1968, na kutokana nayo zikawekwa kanuni za ukaguzi wa madaraja kwa nchi nzima, kila moja kwa kawaida lisipite miaka 2 bila kukaguliwa. Kabla ya hapo kila jimbo lilikuwa likijiamulia.

Tuliyasoma majina kwenye matofali. Kuna ukoo unaojirudia.

*

Wheeling tulifika jioni ya siku iliyofuata, mvua ikinyesha. Asubuhi ikaanuka. Daraja la huko ndilo kongwe kati ya yote niliyotaka kuyaona, na ndilo lenye kesi.

Mjenzi alikuwa Charles Ellet, Mmarekani aliyesomea madaraja Paris, hasimu wa Roebling katika zabuni. Aliifikisha Barabara ya Taifa ng'ambo ya mkondo mkubwa wa Ohio, hadi kisiwa cha Wheeling, kwa mruko mmoja wa mita 308. Mwaka 1849 hakuna aliyekuwa amewahi kuruka umbali huo. Alitumia kamba 12, kila moja ya nyaya 550. Liliitikia upepo na hata miguu ya ng'ombe, lakini lilikuwa jepesi na la bei nafuu, na Wheeling, ambayo wakati huo ilikuwa Virginia, iliona sasa safari za magharibi zitapita kwake badala ya Pittsburgh.

Pittsburgh iliona hivyo hivyo. Jimbo la Pennsylvania likaenda moja kwa moja Mahakama ya Juu, likidai kwamba daraja linazuia mto, kwani meli kubwa za mvuke zinazopanda kuelekea Pittsburgh haziwezi kupita chini yake bila kushusha au kukata dohani. Wakili wake alikuwa Edwin Stanton, yule ambaye baadaye alikuwa waziri wa vita wa Lincoln. Mwaka 1852 mahakama ilikubali: daraja ni kizuizi, na liinuliwe hadi futi 111 juu ya maji, yaani kama mita 34, au liondolewe. Mwaka ule ule Bunge likatoa sheria kwamba daraja ni halali na ni njia ya posta ya taifa, na kwamba meli ndizo zijirekebishe zisiligonge. Nadhani si mara nyingi bunge limepindua hukumu kwa kuita kitu barabara ya barua.

Tarehe 17 Mei 1854 upepo ukamaliza ubishi kwa muda. Sakafu ilianza kupanda na kushuka, kisha ikajipinda upande huu na upande ule mpaka ikaporomoka mtoni. Ulikuwa ule wepesi ambao Roebling aliuogopa. Watu wa Pittsburgh walipata zuio jipya la mahakama, watu wa Wheeling wakajenga tena bila kulijali, na mwaka 1856 mahakama ikakubali kwamba Bunge lilikuwa na mamlaka yake. Mwaka 1871 na 1872 mhandisi Washington Roebling, mtoto wa hasimu wa Ellet, akiwa na Wilhelm Hildenbrand, aliliongezea nyaya za mshazari. Ukilitazama leo, ule upepeo unaouona ukitoka minarani ni wa ukoo wa Roebling juu ya daraja la Ellet. Ellet mwenyewe hakuuona. Alikufa Juni 1862 kwa jeraha la risasi alilolipata katika mapigano ya Memphis, akiongoza kikosi cha meli za mvuke alizozigeuza kuwa za kugongea. Mtu aliyeshitakiwa kwa kuziudhi meli za mvuke.

Hatukuweza kulipita kwa gari, na si sisi tu. Kikomo chake kilikuwa tani 2. Juni 2019 dereva wa basi la watalii alipuuza maandishi na vizuizi akalipandisha basi juu ya daraja, na Septemba mwaka huo likafungwa kwa magari yote. Waenda kwa miguu waliendelea kuruhusiwa. Mpwa wangu alilichukulia jambo hilo kama tusi kwa taaluma nzima ya udereva. Alipima kwa macho njia ya kuingilia, akahesabu upana, akasema yule mtu lazima aliona, hapa haiwezekani usione.

Tukavuka. Minara ni ya mawe, imechakaa, na kamba zinapita juu yake zikiwa zimepauka. Sakafu inatetemeka kidogo mtu akikimbia, na kijana mmoja aliyekuwa akifanya mazoezi alitupita mara mbili ili tulithibitishe hilo. Katikati tulimkuta mzee wa kisiwani, amebeba mfuko wa mkate. Tulipomsalimu hakuuliza tumetoka wapi. Aliuliza kama tunatoka serikalini.

Tulimwambia hapana. Basi akatueleza malalamiko yake: zamani alikuwa akivuka kwa gari kwenda mjini kwa dakika, sasa inambidi azungukie daraja la Fort Henry, lile la barabara kuu, pamoja na malori yote ya Marekani. Nilimwambia kwamba pengine daraja linaishi zaidi hivi. Akanijibu kwamba daraja halijengwi ili liishi, linajengwa ili lipitwe, na akaondoka na mkate wake. Sikuwa na jibu zuri, na bado nina shaka kama lipo.

Tulikuwa bado tumeegemea ukingo wakati meli ya kusukumia ilipokuja kutoka chini ya mto ikiwa na matishari mengi mbele yake, yamejaa makaa ya mawe, ikielekea upande wa Pittsburgh. Ilipita chini yetu kwa nafasi kubwa iliyobaki. Mpwa wangu aliifuata kwa macho hadi ilipopinda.

"Sasa ile kesi, mjomba, nani alishinda? Wa meli au wa daraja?"

Nikamwambia kwamba wakati majaji bado wanabishana kuhusu dohani, reli ya Baltimore and Ohio ilikamilika hadi Wheeling, siku moja kabla ya Krismasi ya 1852, na reli ya Pennsylvania ilikuwa imeshafika Pittsburgh. Abiria na mizigo ya thamani wakahamia huko, wakawaacha wenye meli na wenye daraja wakiendelea na mawakili wao.

"Reli," alisema, kwa sauti ya mtu anayeishi kwa kuinyang'anya reli mizigo. Kisha akatazama saa, kwa sababu alfajiri alikuwa na kontena la kuchukua Columbus.